Jumapili za Abdulhalim

Abdulhalim alipotangaza kwamba familia haitatoka tena Jumapili, mkewe Shamimu alidhani ni utani. Watoto wao wawili, Nassibu na Zuleha, walikuwa wameshavaa viatu na kusimama mlangoni.

"Kuku mmoja wa kule bustanini ni bei ya kuku watatu wa sokoni," alisema Abdulhalim. "Kuanzia leo tunabana matumizi. Vueni viatu."

Watoto wakamtazama mama yao. Shamimu naye akamtazama mumewe, akisubiri acheke. Hakucheka.

Pale Nyasubi, mtaani kwao Kahama, Abdulhalim alijulikana kwa kula bata. Alikuwa hivyo tangu akiwa fundi mitambo mgodini Buzwagi, na hata mgodi ulipofungwa, akaanza kutengeneza pampu za wachimbaji wadogo, Jumapili yake ilibaki haiguswi. Mke na watoto bustanini, kuku wa kuchoma, bembea, soda mpaka mtu akinai mwenyewe. Kukiwa na mechi kubwa, aliwalipia hata majirani kiingilio kwenye kibanda cha mpira. Shamimu, aliyeuza vitenge sokoni, ndiye aliyekuwa akilalamika miaka yote: "Baba Nassibu, akiba tutaweka lini?" Mumewe alikuwa akimjibu, "Akiba haizeeki, sisi ndio tunazeeka."

Kwa hiyo tangazo lile lilipaswa kumfurahisha, na wiki ya kwanza kweli lilimfurahisha. Wiki iliyofuata king'amuzi kikaisha muda na Abdulhalim hakukilipia. Mpira akawa anausikiliza redioni. Akaacha kupanda bodaboda, akawa anatembea. Chai ya kazini akabeba kwenye chupa kutoka nyumbani. Ukaja mwezi wa mfungo, ukaisha, sikukuu ikafika, na kwa mara ya kwanza watoto hawakushonewa nguo mpya.

Hapo ndipo furaha ya Shamimu ilipoingia mdudu. Kama matumizi yamebanwa kiasi hiki, mbona ndani ya nyumba hakionekani kilichobaki? Hakukuwa na tofali, hakukuwa na bati, wala mbuzi hakuwepo. Siku moja alipomwomba mumewe amwongezee mtaji wa robota moja la vitenge, alijibiwa, "Sina kitu kabisa, Mama Nassibu."

Alimweleza jirani yake Generosa, mwenye saluni mkabala na nyumba yao. Generosa alikuwa anamsuka mteja, akasimamisha mikono.

"Mwanamume hapunguzi matumizi," alisema. "Anayahamisha."

"Anayahamishia wapi?"

"Mimi unaniuliza? Mwisho wa wiki anakwenda wapi?"

Alikuwa anakwenda Masumbwe. Kila Jumamosi alfajiri, na kurudi Jumapili jioni. Kazi za pampu, alisema. Zamani akitoka Masumbwe alirudi na pesa na mchele. Siku hizi alikuwa anaondoka na pesa, anarudi na nguo chafu.

Ikaongezeka simu. Ikilia, Abdulhalim alitoka nje akaenda kuzungumzia nyuma ya choo. Jioni moja Shamimu alikuwa anaanua nguo, akasikia sauti ya mumewe, ya upole, ile aliyokuwa akimbembelezea Zuleha alipokuwa mchanga.

"Wamekula? Usiwaache na njaa hao, ndio tegemeo langu. Nitatuma kesho asubuhi."

Shamimu alibaki na shuka mikononi. *Wamekula.* Ina maana si mmoja. Wapo watoto, tena wakubwa wa kula.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alimuuliza alipoingia.

"Mteja."

"Wateja wako siku hizi unawalisha?"

Abdulhalim alimkazia macho. "Umeanza kunisikiliza?" Akachukua redio yake akaenda kukaa barazani.

Jumapili iliyofuata Shamimu aliwaacha watoto kwa Generosa. Alivaa baibui lake zuri kuliko yote na viatu alivyonunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, kwa sababu hakutaka huyo mwanamke, yeyote awaye, amwone amechoka. Akapanda gari linalokwenda Ushirombo kupitia Masumbwe. Njiani alikuwa anapanga maneno. Aliiona nyumba kichwani mwake: bati jipya, mapazia, watoto wenye pua ya Abdulhalim. Maneno ya kumwambia mwanamke aliyapata mengi. Ya kumwambia mumewe yalimkataa.

Aliposhuka Masumbwe alimuuliza kijana wa bodaboda kama anamfahamu Abdulhalim, fundi wa pampu kutoka Kahama.

"Yule wa duara la Marselino? Panda, mama."

"Duara?"

"Shimo la dhahabu. Ndiko anakoshinda."

"Ana nyumba huko?"

Kijana alicheka. "Nyumba? Huko ni maturubai tu."

Wakaacha barabara ya lami, wakapita mashamba ya mihogo mpaka mahali ambapo ardhi ilikuwa imetobolewa kama chekeche, kila shimo na kifusi chake pembeni. Shamimu alishuka, baibui likaanza kushika vumbi jekundu. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wanazungusha gogo lenye kamba, wanamvuta mtu kutoka chini. Kilitokea kichwa cheupe kwa vumbi, kisha mabega. Yule mtu alijifuta macho, akamwona, akakaribia kuachia kamba.

"Nani amekufa?" aliuliza Abdulhalim.

"Hajafa mtu."

"Watoto?"

"Wazima. Yuko wapi?"

"Nani?"

Shamimu alizungusha macho. Chini ya turubai palikuwa na mwanamke mmoja tu, bibi wa Kisukuma aliyefunga kanga kiunoni, anakoleza moto chini ya sufuria. Aliitwa Lusia, na alikuwa na umri wa kumzaa Abdulhalim. Shamimu akapata nafuu, akakaa juu ya gogo lililokuwa pembeni. Lakini nafuu haikudumu. Alipolitazama lile shimo na kumtazama mumewe, hasira nyingine ikampanda, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo.

Abdulhalim akachuchumaa mbele yake, akaeleza. Duara lilikuwa chini ya msimamizi aitwaye Marselino, mtu aliyemfahamu tangu Buzwagi. Wachimbaji walikuwa tisa. Kazi ya Abdulhalim ilikuwa kuleta pampu ya kutoa maji, kununua matimba ya kuzuia kuta zisianguke, na kuwalisha watu wote tisa mpaka mwamba wenye dhahabu upatikane. Siku ukipatikana, theluthi nzima ni yake.

"Jumapili zetu zote zimo humu," alisema, akionyesha shimo kwa kidole. "Bado kidogo tu. Marselino anasema dalili zipo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana ulipaswa kuniambia."

Abdulhalim akaokolewa na mtu mwingine. Marselino mwenyewe alikuwa anakuja, mnene, mchangamfu, shati safi kuliko mahali penyewe.

"Shemeji! Karibu sana, shemeji! Mbona hukusema, tungechinja hata kuku."

Chakula kikawa tayari. Walikaa kula Abdulhalim, Marselino, na wachimbaji wanne, mmoja wao kijana mrefu, mpole, aitwaye Bujiku. Shamimu aliuliza wale watano wengine wako wapi.

"Mwisho wa wiki wengi huondoka, shemeji," alisema Marselino. "Wengine kanisani, wengine wamekwenda kusalimia kwao."

Lilikuwa jibu zuri. Ila Shamimu alikuwa ameshazoea, kwa miezi mingi, kutokubali jibu zuri. Alimsogelea Lusia kumsaidia kupakua, akaitazama ile sufuria. Kwao walikuwa wapishi wa shughuli, na tangu utotoni alijua sufuria ipi inashibisha watu wangapi. Wachimbaji tisa, watu wa sururu, wasingeshibishwa na hii hata wangelamba mpaka chuma.

"Mama, siku zote unapikia hii hii?"

"Hii hii, mayu," alijibu Lusia bila wasiwasi. "Watu wenyewe wanne. Wakisaza, nampa mbwa."

Mikono ilisimama juu ya sahani. Marselino akacheka kwa nguvu. "Huyu bibi! Tunakula kwa zamu, shemeji, wa chini na wa juu. Si ndiyo, mama Lusia?"

Lusia alimtazama, kisha akageukia moto wake, akachochea kuni zilizokuwa zinawaka vizuri tu. Bujiku alitazama chini.

Shamimu alidhani mumewe ameona alichokiona. Hakuona, au hakutaka. Ndani ya gari la kurudi Kahama waligombana kwa kunong'ona, abiria wakijifanya wamelala.

"Anakula hela yako," alisema Shamimu.

"Yule nimefanya naye kazi miaka saba. Wewe umemwona saa moja."

"Nimeiona sufuria yake."

"Ulikuja kutafuta mwanamke, hukumpata, sasa unatafuta mwizi. Kwako kila mtu ni mwizi!"

Yalimchoma, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli. Shamimu akageukia dirishani. Akajiuliza kama kweli ameharibika, kama kushuku kumemkaa kama kikohozi kisichoisha hata ugonjwa ukipona.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Jumanne asubuhi Abdulhalim alibeba chupa yake ya chai, akaaga kwamba anakwenda kwa mteja mjini. Saa sita mchana simu ya Shamimu ikalia pale sokoni.

"Mama Nassibu." Kukawa na upepo mwingi. "Ni wanne."

Akakata.

Mengine Shamimu aliyapata baadaye. Abdulhalim alifika duarani bila taarifa na siku ya kazi, akakuta wanaume wanne tu, na kati yao wawili hawakuwa kwenye duara lake. Walikuwa shimo la jirani, la mdogo wake Marselino. Pampu yake mwenyewe ilikuwa inanguruma huko, inakausha maji ya watu wengine. Hata matimba aliyonunua yalikuwa yamesimamishwa kule.

Hakumpiga mtu. Alikwenda kwa viongozi wa machimbo yale, wakaitana, wakakaa. Marselino aliapa, akakana, akamwita Abdulhalim ndugu yake wa Buzwagi. Ndipo Bujiku aliposimama na kusema kwamba hawajawahi kuzidi wanne, na kwamba wao walidhani mzee wa Kahama anajua. Viongozi wakaamua: chakula kilicholiwa hakirudishwi, duara lile Abdulhalim ajitoe, na pampu yake aichukue pamoja na matimba yaliyosalia.

Alirudi Nyasubi akiwa nyuma ya fuso, amekaa juu ya pampu, mvua inamnyeshea. Watoto walikimbia kumpokea wakidhani amenunua kitu kipya. Aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa mikono yake miwili.

"Sema," alimwambia mkewe. "Sema unachotaka."

Shamimu alikuwa na mengi. Alimwangalia, kucha zimekatika, mabega yamekonda kwa miezi ya chai ya chupa, akasema tu, "Vua nguo hizo mbichi."

Tena yeye mwenyewe hakuwa msafi. Sokoni tayari wanawake walikuwa wanampa pole. Mmoja alimuuliza mke mwenza ana watoto wangapi. Shamimu alimfuata Generosa saluni, akamweleza yote: hakuna mwanamke, lilikuwa shimo.

Generosa alimshika bega kwa huruma. "Ndivyo alivyokwambia?"

"Nimeliona kwa macho yangu!"

"Sawa, mdogo wangu. Wapo wanaojua kuficha."

Pampu ilipata kazi mapema kuliko walivyotazamia. Mkulima mmoja wa mpunga nje ya mji, mzee Chacha, aliikodi kwa msimu mzima, na malipo yake walikubaliana yapokelewe na Shamimu. Jumapili Abdulhalim alikuwa anakwenda kuiangalia inavyofanya kazi, na Jumapili moja akasema, akiwa hana uhakika kama ataitikiwa, "Mnaonaje tukienda wote?"

Shamimu alipika pilau, akalifunga kwenye hotipoti. Watoto walivua viatu na kuoga kwenye maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye bomba, wakipiga kelele, wakisukumana, na haikuwagharimu chochote zaidi ya nauli. Abdulhalim alikaa juu ya tuta, miguu ndani ya maji, akaanza hata kuimba imba.

Mzee Chacha alikuja kuwasalimia. Shamimu alimwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Abdulhalim kwa furaha ya mwenyeji. "Na huyu ndiye wa Kahama, au ndiye yule wa Masumbwe?"

Wimbo ukakatika. Shamimu akainamia hotipoti, akakibana kifuniko chake.

"Nina mmoja tu, mzee," alisema Abdulhalim.

"Haya, haya," alisema mzee, akikonyeza, na akaenda zake kuangalia mpunga.

Abdulhalim alimgeukia mkewe taratibu. "Maneno haya yametoka wapi?"

"Kwangu," alisema Shamimu. "Nilimwambia Generosa. Nilidhani ni kweli."

Abdulhalim aliinuka. Akaenda kuongeza mafuta kwenye pampu, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Aliporudi alikaa palepale, jirani naye.

"Nenda ukawaambie si kweli."

"Nimeshawaambia wote. Hawaamini."

Abdulhalim akatikisa kichwa. Akafungua hotipoti, akanusa, akawaita watoto watoke majini waje kula.