Tangazo la Nne kwa Wazee wa Presha

"Wazee wote wa kigango hiki, wake kwa waume, wenye miaka sitini na kuendelea na wanaougua presha, wanaagizwa kufika kituo cha afya Jumanne saa tatu kamili asubuhi, wakiwa na vidonge vyao vyote. Daktari bingwa atavihesabu. Atakayekutwa anakata vidonge nusu atajieleza. Wengine watapewa bima ya nyongeza bila malipo. Imetolewa na mamlaka husika."

Mamlaka husika ilikuwa na miaka kumi na sita, ilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, na ilikuwa imeandika tangazo hilo kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la fizikia. Iliitwa Odilia. Katekista Evarist alimpa kazi ya kusoma matangazo baada ya ibada kwa sababu sauti yake inafika hadi benchi la mwisho, na pale Endagikot jambo likishasomwa mbele ya kanisa halina mjadala.

Aliyemfikisha huko ni bibi yake, Lucia. Kila asubuhi bibi huyo aliweka kidonge cha presha juu ya ubao na kukikata kwa kisu cha kumenyea viazi. Nusu moja aliimeza, nusu ya pili aliiweka akiba ya kesho. Siku nyingine nusu iliruka ikadonolewa na kuku, na kwa hesabu za Odilia kuku huyo sasa alikuwa na presha nzuri kuliko mwenye kuku.

Kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee Bibi Lucia alikuwa nacho, kimefungwa ndani ya nailoni. Mara tatu mfululizo alikuwa amepimwa bure, akaandikiwa bure, na akaambiwa bure kwamba dawa zimeisha, akanunue nje. Huko nje aliomba zile za boksi la bluu alizozizoea, ambazo muuzaji alizitoa kwa furaha kwa sababu hakuna za bei kubwa kuzishinda. Mjomba Akonaay alipotaka kumkatia bima, alikataa katakata. Alisema serikali imeshampa kitambulisho, na yeye hawezi kulipia ugonjwa mmoja mara mbili. Odilia alibembeleza, akanuna, akagoma hata kula. Bibi alimwambia akale, kisha akaendelea kukata.

Ndipo likazaliwa tangazo. Odilia alitarajia wazee watano, labda sita, na bibi yake katikati yao akisemwa vizuri na tabibu.

Jumanne walifika zaidi ya arobaini. Mzee Gidabuday alipigiwa simu na shemeji yake, akapanda basi la alfajiri kutoka Gehandu. Vidonge vilikuja kwenye vikombe, kwenye soksi, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Tabibu Vicent, mtu wa Tanga, alitoka nje akauliza kuna msiba wa nani.

Alipoelezwa, alishika kiuno. Akasema hakuna bingwa, hakuna bima ya bure, na yeye peke yake ana wajawazito kumi na moja wanamsubiri. Lakini kwa kuwa walikuwa wameshafika, aliwaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kitambulisho kinafungua mlango wa kituo tu, hakifiki dukani. Dawa zikikosekana ndipo bima inayopokelewa na duka la dawa inapomfaa mzee, basi waulize hilo kwanza kabla ya kulipa. Asiye nayo aombe dawa kwa jina lake la kitaalamu, siyo kwa rangi ya boksi. Ni dawa ileile kwa bei ndogo. Na asikate kidonge mtu yeyote bila kuambiwa.

"Basi tuhesabie hivi vidonge vilivyo mbele yako," alisema Mzee Gidabuday. "Tangu Jumapili hatujameza hata kimoja."

Mzee alifafanua bila haraka kwamba afisa mifugo akitangaza kuhesabu ng'ombe, hakuna anayechinja wiki hiyo. Nani alitaka kukutwa na pungufu?

Hapo Bibi Lucia alikaa chini, polepole, kwenye majani. Wakamwingiza ndani. Vicent alimpima, akampima tena mkono wa pili.

"Bibi, dawa ulikuwa unameza?"

"Kila siku, mwanangu. Kizima. Hata leo."

Vicent alivuta karatasi ya rufaa. Kama mtu anameza kizima kila siku na presha bado iko juu hivi, alisema, basi dawa hii imeshindwa, itabidi aende hospitali akaongezewe kali zaidi. Mlangoni Katekista Evarist alikuwa akimnong'oneza mtu kwamba yeye alitoa karatasi tatu za matangazo, na anashangaa zilisomwa nne. Kisha akamtazama Odilia. Bibi naye akamtazama, kwa jicho lililomwamuru anyamaze.

"Usiandike, daktari," alisema Odilia. "Shikamoo kwanza. Hajameza tangu Jumapili, na kabla ya hapo alikuwa anameza nusu. Tangazo la nne niliandika mimi. Mamlaka husika ni mimi."