Kibandiko cha Upande wa Kushoto

Ubavu wa Nondo ulipasuka mazoezini, kwa ngumi ya kijana mmoja mchomelea vyuma aliyekuwa akijipima naye. Ngumi yenyewe wala haikuwa kali. Ilimkuta tu amevuta pumzi na kiwiko kimenyanyuka, ikatua chini ya titi la kulia, na kitu huko ndani kikalia ko. Nondo hakupiga kelele. Alimrudishia kijana wa watu mbili za uso, puani pakafumka damu, ili wote wamtazame yule na si yeye.

"Taratibu, we mwanamke!" mjomba wake akafoka kutoka pembeni. "Huyo kesho anaenda kazini!"

Mjomba huyo, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyekuwa kocha wake tangu akiwa binti wa shule. Alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mgonjwa hapandi ulingoni. Zamani aliwahi kumpandisha bondia aliyelalamika kichwa kinamuuma, na bondia yule mpaka leo analishwa uji kwa kijiko na mama yake. Nondo alijua fika kwamba akitamka tu neno "ubavu", pambano limekufa.

Na pambano lilikuwa dhidi ya Sindano. Hao wawili walikuwa wameanza pamoja, jimu moja, wakichangia ndoo ya kuogea na kusukana nywele. Kisha Sindano akahamia kwa kocha mwingine, na siku walipokutana ulingoni alimng'oa Nondo meno mawili. Hilo Nondo angelisamehe. Lakini akiwa bado amepiga magoti, damu inamdondoka kidevuni, Sindano alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya kusikika hadi viti vya mbele, "Rudi ukafue." Nondo alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Tangu siku ile, kila mvuke wa pasi ulipompiga usoni alisikia maneno yale.

Kwa hiyo alivaa fulana yake, akaaga, akaenda moja kwa moja saluni kwa dada yake.

"Nibandikie kimoja hapa," alisema, akanyanyua fulana.

Dada mtu alipopaona akashusha kitana. "Mungu wangu! Nani kakufanya hivi?"

"Bandika kwanza, maswali baadaye."

Dada alikuwa msusi, na kwenye rafu, karibu na mafuta ya nywele, aliuza vibandiko vya afya: vipande laini, vyeupe kama maziwa, vinavyonukia mkaratusi. Maandishi kwenye boksi yalidai vinaondoa maumivu, uchovu, mawazo na usingizi wa mang'amung'amu.

"Kumbe kimebakiza kufua na kupiga pasi tu," Nondo akasema.

Dada hakucheka. Alibandika, amekunja uso.

Kibandiko cha kwanza hakikumaliza hata kuruka kamba. Jasho lilikilegeza, kikateleza mpaka kiunoni, kikachungulia chini ya fulana, na Nondo akalazimika kukikanyaga na kukisukumiza chini ya mkeka kabla Mjomba hajageuka. Alirudi saluni mbio. Kikidondoka kingine mbele ya Mjomba, ameumbuka.

Basi kubandika kukawa kazi ya kujitegemea. Dada alimwosha kwa sabuni isiyo na mafuta, akamkausha, akampangusa kwa spiriti, akapitisha wembe kuondoa vinyweleo. Alimwinamisha upande wa kushoto, mkono wa kulia juu, ngozi ivutike, maana kibandiko ukimbandika mtu aliyejikunja, akinyooka tu kinabanduka. Alikata pembe zake zikawa duara zisije zikanasa kwenye nguo. Alikipasha joto viganjani, akakikandamiza kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha akalaza kiganja juu yake mpaka Nondo akalalamika kwamba anaungua. Juu akazungushia plasta ya kuvutika.

Hapo kikashika. Lakini mvuke wa dobi na jasho la jimu, vyote kwa mwili mmoja, navyo vilikuwa na nguvu zao. Siku kingo zilipoanza tena kujikunja, Dada alichukua chupa ya gundi ya wigi.

"Wateja wangu wanaoga nayo, wanalala nayo," alisema. "Haitoki hii."

"Na ngozi?"

"Ngozi itajijua."

Kama kibandiko kilimtibu, hakuna ajuaye. Huenda kilichomsaidia ni kule kuvutwa na kitu ubavuni, asijisahau akajipinda. Lakini aliweza kupumua, aliweza kukimbia, na Mjomba alimsifu kwamba siku hizi kiwiko chake cha kulia hakitoki mahali pake.

Sheria za ndondi hazitaki kitu chochote cha kubandika mwilini. Asubuhi ya siku ya kupima uzito, Dada alifunga mlango wa saluni wakaanza kukitoa. Walipaka mafuta, wakamwagia maji ya moto. Kikagoma.

Nondo aliuma taulo. "Vuta."

Dada alivuta. Kilitoka na ngozi. Nondo aligonga paji la uso ukutani, mara ya pili, mara ya tatu, ili maumivu yapate pa kwenda. Alipojitazama kwenye kioo, chini ya titi palikuwa na mraba mwekundu, mbichi, unaochuruzika majimaji.

Dada alikaa chini kwenye nywele zilizokatwa, akalia. "Mwambie Mjomba, mdogo wangu. Nakuomba."

"Kwa umri huu nani atanipa tena pambano? Nikimwambia nimekwisha."

"Sindano ana macho. Akiona huu mraba atakupiga hapo hapo mpaka ufe."

Dada akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akainuka, na wazo lililomjia alilisema polepole, kana kwamba analionea haya. "Basi tumwonyeshe kwingine."

Upande wa kulia alipakausha, akapapaka poda, halafu fandesheni ya rangi ile ile ya mwili wa Nondo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mraba ukapotea. Upande wa kushoto, kwenye ubavu usio na jeraha, alipaka mafuta mengi kisha akabandika kibandiko kipya. Baada ya majuma yote yale ya kuhangaika vibandiko visidondoke, hiki kimoja walikitega kidondoke.

Na kilidondoka. Mbele ya mizani, mabondia wote wapo, Nondo alivua fulana na kibandiko kikaanguka sakafuni. Sindano alikuwa nyuma yake. Akakiokota, akakinusa.

"Bibi yangu naye anavaa hivi," akasema, watu wakacheka. Lakini macho yake yalikwishafika ubavu wa kushoto yakakaa pale. Kisha akanyoosha mkono, akakibandika kibandiko kwenye paji la uso la Nondo, akakipiga kofi kishike.

Nondo alimkaba koo kabla kicheko hakijaisha. Walianguka pamoja juu ya mizani, ikapinduka. Walihitajika wanaume kadhaa kuwatenganisha, na mmoja wao aliondoka na alama za meno mkononi. Kibandiko, kwa mafuta yake, kiliteleza puani kwa Nondo kikaanguka tena.

Mjomba alimvuta pembeni. "Unaumwa?"

"Mgongo tu, Mjomba. Kufua."

Mzee alimshika ubavu wa kushoto kwa dole gumba, akaukandamiza mfupa mmoja mmoja, akimtazama usoni. Nondo hakutikisika, kwa kuwa kweli hapakuwa na maumivu. Mjomba akaridhika, akamgusa shavu. Mguso huo ndio uliomuuma Nondo kuliko kile kibandiko kilivyovutwa.

Pambano lilikuwa mchana wa siku ile ile, ukumbi umefurika, joto linatoka kwenye mabati. Kengele ilipolia Sindano alikuja moja kwa moja na mkono wa kulia, chini, kwenye ubavu wa kushoto. Akarudia hapo hapo. Nondo alijifanya anaumia, akaguna, akajikunja. Kila Sindano alipoushusha mkono ule kupiga, shavu lake la kulia lilibaki wazi, na Nondo alimzungushia ya kushoto. Raundi ya kwanza ilipokwisha nyusi ya Sindano ilikuwa imechanika. Ya pili jicho lilifumba. Damu ilimwingia kinywani akawa anaitema katikati ya ngumi, na bado anarudi chini, kushoto, kushoto, kama aliyeahidiwa kitu. Nondo akaona raha. Alimpiga kwa ajili ya meno, kwa ajili ya mashuka, kwa ajili ya kofi la paji la uso, na kila ngumi ilipotua alitaka nyingine.

Raundi ya tatu jasho lilianza kummwagika. Walipokumbatiana kwenye kamba, glavu nyeupe ya Sindano ilimsugua ubavu wa kulia. Refa akawatenganisha. Sindano akaitazama glavu yake: ilikuwa na rangi ya udongo. Kisha akamtazama Nondo chini ya titi, ambako fandesheni ilikuwa ikitiririka na mraba mwekundu unajitokeza. Kwa jicho lake moja zima, alitabasamu.

Kengele ikamwokoa Nondo. Kwenye kona, Mjomba alimpangusa na taulo, taulo ikatoka na rangi. Akapangusa tena, mraba mbichi ukajitokeza wote. Akasimama vile vile, ameishika.

"Nani kakubandika?"

Mjomba aligeuka, akamtafuta Dada viti vya mbele, na Dada akainamisha kichwa.

"Natupa taulo," Mjomba akasema.

"Ukitupa, sina tena pa kwenda."

"Yule anayelishwa uji naye alisema hivyo hivyo. Maneno hayo hayo, mwanangu, kwenye kiti kama hiki."

Kengele ililia, Nondo akamponyoka mikononi.

Sasa Sindano hakuwa na haraka. Alimsukumia kwenye kona na kumpiga ya kushoto chini ya kiwiko. Mfupa uliopasuka ukavunjika. Nondo aliusikia ukiingia ndani, na hewa yote ukumbini ikamwishia. Ya pili ikapita pale pale. Mdomo ukamjaa kitu cha moto chenye ladha ya chuma. Alipiga goti, akahesabiwa, akainuka kwa kuvuta kamba. Mraba ulikuwa umechanika na damu yake inashuka hadi kwenye kaptula. Watu waliokuwa wakishangilia wakaanza kuguna. Dada alisimama akapiga ukelele, "Jamani, wasimamisheni!"

Sindano aliinama, akavuta ya kushoto kutoka nyuma kabisa, ya kumalizia. Mjomba akarusha taulo.

Refa alikuwa ameipa mgongo kona ile, hakuiona. Nondo naye hakuiona. Alichoona ni taya la Sindano upande wa kushoto, tupu, limeachwa bila mlinzi, na mkono wake wa kulia ukaondoka wenyewe kutoka chini. Taya lilivunjika kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni. Sindano alianguka kwa uso bila kutanguliza mikono, miguu ikapiga sakafu, ikatulia. Taulo ilikuwa imelala hatua chache kutoka kichwani pake.

Ubishi ulianza hapo hapo. Waamuzi walipiga kelele, makocha wakashikana mashati, viti viwili vikaruka. Mwishowe wakamuuliza Mjomba, na angeweza kusema lolote, maana hakuna aliyekuwa na hakika.

"Nilirusha kabla," Mjomba alisema. "Alikuwa amekwishashindwa."

Wakatangaza mshindi ni Sindano, naye wakati huo alikuwa anatolewa kwenye machela, povu la damu mdomoni. Nondo alijaribu kusema kitu. Badala ya neno ikatoka damu, akaanguka mikononi mwa Mjomba, mtu ambaye yeye mwenyewe alimwongopea.

Mfupa ulikuwa umetoboa pafu. Walimwekea mrija ubavuni na kumlaza wodi ya wanawake. Dada alikuja kila siku, akamwosha, akamsuka, na hakukaa bila kulia. Vile vibandiko alivitoa kwenye rafu vyote akavitia moto nyuma ya saluni. Mjomba alikuja mara moja tu, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ungeniacha, ningeshinda," Nondo alimwambia, kwa pumzi za kuazima.

"Ningekuacha ungekufa."

"Lakini nilimpiga, Mjomba. Aliyeanguka ni yeye."

"Nimeona." Macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Na hata leo ningerusha. Ukipona usije jimu kwangu. Nyumbani njoo, wewe ni mtoto wangu. Jimu usije." Akaweka chungwa juu ya kabati, akatoka.

Nondo alipoweza kutembea, alishika chupa ya mrija wake mkononi, akafuata ukuta mpaka kitanda cha mwisho. Sindano alikuwa ameegeshwa kwenye mito, taya limefungwa kwa waya, jicho moja bado limevimba. Hakuweza kusema.

Halafu Sindano akanyoosha kidole, akakielekeza ubavu wa kushoto wa Nondo, akakitikisa: hapa hapakuwa na kitu, sivyo?

"Hapakuwa na kitu," Nondo akasema. "Palipakwa mafuta ili kibandiko kidondoke."

Sindano alifumba jicho. Puani mwake ikatoka sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko au kilio. Nondo akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, mkono ule wa kushoto uliomvunja mfupa, akauweka ubavuni mwake upande wa kulia, juu kidogo ya bandeji.

Sindano akakandamiza. Alikandamiza kwa dole gumba, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka wodi ikawa nyeusi machoni mwa Nondo na machozi yakamchuruzika shingoni. Nondo hakuutoa mkono ule. Alishika chuma cha kitanda, akasubiri.

Nesi aliyekuwa akipita na sinia akasimama. "Nyie! Mnafanya nini hapo?"

"Tunasalimiana," Nondo akasema.