Herufi ya Themanini na Sita

Jumanne ya pili ya Januari 2015, saa nne asubuhi, Kornelia alikuwa akibandika lebo kwenye katoni za vitabu katika ghala moja karibu na Newburg, Louisville. Mashine ikatoa lebo za kitabu cha Kicherokee. Katikati ya jina la kitabu palikuwa na kisanduku kitupu. Herufi iliyotakiwa kuwa mle ilikuwa imekaa juu ya mkanda wa mizigo, nyeusi, ukubwa wa kuku. Kornelia aliitia kwenye mfuko wake wa chakula isije ikapondwa, akamaliza zamu.

Nyumbani, mumewe Liberati aliitazama huku akinawa mikono.

"Ina namba?"

"Haina. Ndiyo maana kompyuta haiioni."

"Basi ipe ugali. Hiyo itakaa hapa."

Herufi ilijieleza taratibu. Ilibuniwa pamoja na nyingine themanini na tano za Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Baadaye watu wakaacha kuitumia, na herufi zilipogawiwa namba za kompyuta, yenyewe haikuitwa. Tangu hapo wino wake ulikuwa ukipungua. Liberati aliipima kwa rula kila Jumapili baada ya misa, akaandika kwenye kalenda. Kwa hesabu yake, ingekwisha mwezi wa saba. Kamati inayogawa namba hizo ilikuwa inafunga orodha mwezi wa sita.

Wote wawili walikulia katika kambi za wakimbizi Tanzania, kwa hiyo walifanya walichokijua: wakaiandaa kwa usaili, kama wao walivyosailiwa kabla ya kuletwa Marekani. Ulizaliwa wapi? Nani alikuwepo? Jibu la leo na la kesho lazima yafanane. Baada ya jioni tatu herufi haikukosea tena. Walipoiandikia kamati, ikajibu kwamba haifanyi usaili. Ilitaka karatasi ya zamani ambamo herufi hiyo iliandikwa.

Florida, mdogo wake Kornelia, alikuwa Buffalo, Lower West Side, akimhudumia bibi mmoja Mcherokee. Wakapanda basi kwenda kwake. Herufi ilipakatwa, na dereva hakuidai tiketi. Usiku walilala Columbus, mtaa wa Linden, kwa Balagizi, Mkongo waliyesali naye zamani.

"Bon, mugeni wenu iko na papier, makaratasi?" aliuliza Balagizi.

"Bado."

"Donc ni mwenzetu kabisa. Ikale hapa, tukule."

Buffalo, yule bibi alivaa miwani, akaiangalia herufi mbele na nyuma.

"Umechelewa," aliiambia.

Akatoa daftari la babu yake kabatini. Herufi ilikuwemo, ukurasa wa tisa, kwa mkono wa babu. Bibi akaitamka kwa sauti. Wino ukarudi milimita mbili; Liberati akaupima kwa rula, akaandika. Barua kwa kamati aliiandika bibi mwenyewe, kwa kuwa lugha ni yake.

Mwezi wa sita namba ikatoka: 13F5. Herufi ikajaa wino hadi pembeni.

Sherehe ilifanyika Linden, katikati ya safari ya wote. Bibi alikaa kiti cha mbele, herufi kando yake. Siku hiyo mabasi ya Louisville, Columbus na Buffalo yaliiandika kwenye vibao badala ya jina la njia, na hakuna abiria aliyepotea. Wanawake walicheza mpaka jirani wa chini akapanda kuja kucheza nao.

Katikati ya ngoma simu ya Kornelia ikaita. Alikuwa mama yake, Mukandoli, kutoka kambini. Siku watu walipohesabiwa alikuwa amelazwa zahanati, jina likafutwa kwenye orodha ya wakimbizi pamoja na namba yake, na watoto wakasafiri bila yeye. Barua za kulirudisha zilikuwa hazijajibiwa.

"Kelele gani hizo, mwanangu?"

"Herufi imepata namba, mama."

"Ilikaa miaka mingapi bila?"

"Karibu mia mbili."

Mukandoli akahesabu ya kwake.

"Mimi ni miaka tisa tu. Kumbe bado mtoto!"

Akapiga vigelegele mpaka salio lake likaisha.