Bisibisi ya Daktari

Daktari alibandika ncha ya bisibisi kwenye beringi ya pampu, akaegemeza mpini sikioni, akafumba macho. Hakusikia kitu. Huu ulikuwa mwezi wa nne hasikii kitu, na kila asubuhi aliandika kwenye fomu: salama.

Jina la Daktari walimpa mafundi wenzake kwa utani. Miaka ishirini na sita alikuwa akizipima mashine za kituo cha umeme kwa sikio, na pampu hii ya kulisha boila maji aliijua nje ndani. Beringi yake ikivunjika, vyuma huruka. Na aliyeshinda hatua mbili kutoka hapo, zamu nzima, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa mwisho.

"Mgonjwa anaendeleaje, Daktari?" shemeji alipaza sauti. Humo ndani kila mtu hupiga kelele, ndiyo maana hakuna aliyemshtukia. Daktari aliyasoma maneno mdomoni, akacheka. Akisema ukweli, kazi hana; akinyamaza, roho ya mtu iko mikononi mwake.

Akaweka kiganja juu ya beringi, akahesabu. Jana alivumilia joto lake mpaka kumi. Leo alifika tatu, akauchomoa mkono. Labda ni grisi tu. Labda ni joto la leo. Zamani sikio lingemwambia.

Msimamizi alifika na fomu.

"Tia saini, mzee wangu. Wakubwa hawataki habari za kuzima mashine leo."

Daktari akaandika herufi ya kwanza. Shemeji alikuwa amechutama kando ya pampu, anafuta mafuta sakafuni, shati limemchomoka mgongoni. Kalamu ikagoma.

"Shemeji, njoo." Akamkabidhi bisibisi ambayo hakuwahi kumwazima mtu. "Sikiliza wewe."

"Mimi tena? Daktari si wewe?"

"Sikiliza, nakuomba."

Shemeji alisikiliza huku akitabasamu. Tabasamu likamwisha. Aliitazama fomu, akamtazama Daktari, akamtazama tena.

"Inasaga kama ina mawe ndani. Hii ni ya tangu lini?"

Daktari aligeuka, akabonyeza kitufe chekundu. Pampu ikapunguza mwendo, ikasimama. Msimamizi alikuwa akifoka, mikono juu. Shemeji naye alikuwa akiuliza jambo, lile lile, mara ya pili, mara ya tatu.

Daktari aligusa sikio lake, akatikisa kichwa.