Machicha ya Ngamiani

Nimefanya utafiti wa lishe ya nguruwe kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo sijapata mtu hata mmoja, harusini wala matangani, aliyesikia kazi yangu akaniuliza swali la pili. La kwanza huwa ni hili: "Hasa unafanya nini?" Nami hujibu bila kupepesa macho kwamba napima chakula anachokula nguruwe, kisha napima mavi yake, na tofauti yake ndiyo aliyoifaidi tumboni. Hapo mtu hukumbuka ghafla kwamba amemwacha mtoto nje.

Ni kazi nzuri, na sitaki kubishana na mtu. Ila nusura initoke mapema, mwaka hamsini na nne, na chanzo kilikuwa uongo wangu mwenyewe, tena uongo wa kijinga.

Wakati huo nilikuwa Noa tu, kijana wa Kishambaa mwenye cheti kipya na suruali mbili, msaidizi katika kituo kidogo cha mifugo huko Pongwe. Nguruwe wetu walikula mahindi, yaani chakula cha watu, na jambo hilo liliniudhi. Nikapata wazo. Pwani nzima inapika kwa nazi. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui hubaki machicha, na machicha huishia kwa kuku wawili watatu wa uani. Je, tumbo la nguruwe lingeyafaidi kiasi gani? Pale kituoni hakuna aliyekuwa amepima. Mkuu wangu, Mwingereza mrefu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, akanipa wiki mbili. Nikipata tarakimu za kueleweka nabaki kwenye utafiti. Nikikosa narudi kwenye josho, kuhesabu ng'ombe wanaotumbukia kwenye dawa ya kupe. Nilikuwa nimeshahesabu ng'ombe mwaka mzima, na nilikuwa radhi kufa kuliko kuwahesabu tena.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Nguruwe wanne katika vizimba vinne. Wiki ya kwanza unawazoesha chakula, wiki ya pili unakusanya kila kinachotoka. Mlo ni saa kumi alasiri, kipimo kile kile, kila siku. Mlo mmoja ukikosekana, kazi yote imeharibika. Na machicha hayalali, yakilala yanachacha. Kwa hiyo nilihitaji debe zima la machicha mabichi kila siku ya Mungu, na debe hilo lilikuwa mjini, mtaa wa Ngamiani, kwa Bi Asmahani.

Bi Asmahani alikuwa mjane aliyepikia harusi na kuuza vitumbua na wali. Neno lake moja lilinifungulia jiko lake na majiko mengine manne ya mtaa ule. Siku ya kwanza aliniuliza machicha ni ya nini.

"Ya mifugo, mama."

"Kuku?"

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ningejua! Maana Bi Asmahani hakuwa mtu wa kutoa kitu na kukisahau. Kila nilipobisha hodi kwenye mlango wa uani, salamu ilikuwa ile ile: kuku hawajambo? Hawajambo, mama. Wanataga? Wanataga. Wiki ya kwanza ilipokwisha, kuku wangu walikuwa wametaga mayai arobaini na moja, na mmoja alikuwa amelalia. Jirani yake, Bi Saleha, akaniomba nimwekee vifaranga wawili, majike. Nikakubali. Mtu akishafuga kuku wa uongo atashindwaje kuwagawa?

Siku ya tatu ya wiki ya pili, mkuu alikuja kukagua vizimba, nami sikuweza kutoka. Nikamtuma Luka, mtunza nguruwe wetu, Mngoni wa makamo. Luka hakujua kusema uongo. Si kwamba aliukataa. Hakuujua tu, kama asivyojua kuendesha gari.

Alirudi saa tano, mkuu ameshaondoka, na debe tupu.

"Waliniuliza kuku hawajambo," akasema. "Nikawaambia hatuna kuku."

"Ee Mungu wangu. Kisha?"

"Wakaniuliza machicha anakula nani. Nikawaambia." Akalitua debe. "Yule mama anakuita. Amesema uende na debe."

Njia nzima, juu ya baiskeli kutoka Pongwe hadi Ngamiani, nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa hotuba ya kisomi, ina faida za kilimo na ina maendeleo ya nchi. Niliwakuta akina mama wote watano wamesimama uani kwa Bi Asmahani, mikono viunoni.

"Shikamoo, Bi Asmahani."

"Marahaba. Kuku hawajambo?"

Hotuba yote ikayeyuka.

"Hakuna kuku, mama."

"Na yule aliyelalia?"

"Hayupo."

"Na vifaranga vyangu?" akadakia Bi Saleha, kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kuwapa majina.

Bi Asmahani hakucheka. Alikuwa amelikazia macho debe.

"Sikiliza, mwanangu. Huyo mnyama hajanikosea kitu, kaumbwa na Muumba wake. Mimi nataka kujua jambo moja. Debe hili linaingia humu kila siku. Kifumbu changu cha kukamulia tui nakikung'utia humo, kisha nakirudisha kwenye chakula cha watu. Huko kwako, limemfikia yule au halikumfikia?"

Nilielewa. Nimeishi na Waislamu, najua kwamba kwao unyevu wa nguruwe ni najisi kubwa kuliko zote, huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kama debe lilifika, basi ni kifumbu, ni bakuli, ni mbuzi ya kukunia, ni sakafu, katika nyumba tano. Niliona usoni mwake kwamba anaomba niseme halikumfikia. Ningesema hivyo, angeshusha pumzi, angenikaripia kwa uongo wa kuku, na machicha ningepata. Luka hakuwapo. Nguruwe hawasemi.

Na ukweli ni kwamba nguruwe namba tatu alikuwa na tabia ya kutumbukiza pua debeni kabla sijamimina. Kila siku, bila kukosa.

Nilikuwa na daftari kwapani, na katika daftari lile kila ratili ilikuwa ya kweli, hadi ya mavi. Nguruwe niliwatendea haki. Mama huyu, aliyenijulia hali ya kuku wangu siku tisa mfululizo kwa moyo mweupe, nilimdanganya kila siku. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Limemfikia," nikasema. "Kila siku, mama. Huwa analilamba."

Bi Sabiha, wa nyumba ya tatu, akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. Bi Asmahani akajikalia juu ya mbuzi ya nazi. Kisha akakumbuka kwamba nayo imo katika hesabu, akaruka juu.

"Toa debe lako nje, ng'ambo ya barabara. Halafu ukaoge, maana maji utachota wewe."

Nikaoga. Nikavishwa shati na msuli wa marehemu mumewe, ambaye inaonekana alikuwa mtu wa tumbo. Nikaanza safari za bombani, ndoo mbili mbili, huku msuli unataka kunidondoka na watoto wa mtaa wananiimbia. Akina mama walisugua. Tatizo likawa hesabu. Bi Saleha alisema ni ya sita, Bi Sabiha akaapa ni ya tano, na kila walipobishana ilibidi waanze upya. Mwishowe nikaleta daftari, nikachora mstari kwa kila kitu na kwa kila mwosho.

"Kifumbu hiki ni ya tano, mama. Bado mbili. Na bakuli hili halijapita kwenye udongo."

Bi Asmahani aliniangalia. "Halijapita?"

"Halijapita. Lile kubwa ndilo lililopita."

Akachukua udongo, akalisugua. Kuanzia hapo hawakubishana tena, waliniuliza mimi.

Ningependa kusema kwamba saa zote zile sikuwawaza nguruwe. Niliwawaza sana. Niliwaona wananusa vihori vitupu, nikaliona josho na ng'ombe wake wamepanga foleni wananingoja. Lakini kuomba machicha sikuthubutu. Uso wa kuomba ningeutoa wapi?

Tulimaliza nyumba ya tano saa tisa kasoro dakika kumi. Nikavaa nguo zangu, nikaomba radhi nyumba kwa nyumba, nikashika baiskeli.

"Huyo mnyama anakula saa ngapi?" Bi Asmahani aliuliza kutoka mlangoni.

"Saa kumi, mama."

"Akikosa?"

"Kazi yangu imekwisha. Narudi kuhesabu ng'ombe."

Akaingia ndani, nami nikasukuma baiskeli hadi ng'ambo ya barabara, nikainama kulichukua debe langu. Nilipoinua kichwa, milango mitano ilikuwa wazi. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja na jani la mgomba limejaa machicha meupe, ya asubuhi ile ile. Walivuka barabara kimya, wakayaweka majani chini mbele yangu kwa mstari, taratibu, wasimwage hata chembe. Kisha wakajikung'uta mikono.

"Sisi tumetupa takataka zetu," akasema Bi Asmahani, akiyatazama mapaa ya nyumba wala si mimi. "Anayeokota takataka barabarani hatumjui, na anakozipeleka hakutuhusu." Akageuka kwenda zake, kisha akasimama. "Na kesho tunatupa saa nne. Wafagiaji wa mji hawamngoji mtu."

Nililia, na sioni haya kusema. Nililia huku nazoa machicha kwa viganja viwili, na wapita njia wakaniona.

Nilifika Pongwe saa kumi kasoro dakika nne. Siku zilizobaki takataka zilitupwa saa nne kamili, juu ya majani mabichi, na jaribio likaisha bila mlo hata mmoja kukosekana.

Mkuu aliisoma ripoti mara mbili, akakubali tarakimu zote. Alikwama mahali pamoja tu, palipoandikwa machicha yalikotoka.

"Umeandika yaliokotwa barabarani, Ngamiani," akasema. "Kila siku? Saa ile ile? Safi namna hii?"

"Ndiyo, bwana," nikamjibu. "Ngamiani watu hutupa takataka kwa saa."

Akachukua kalamu, akatia saini.