Damu ya Kabla ya Sindano

Mume wangu ni fundi wa makochi, na mafundi wenzake wanamwita Mzee Sponji. Ana tabia moja ya kazi. Mteja akipiga simu kwamba yuko njiani kuja kukagua kochi lake, yeye huacha kila kitu, akapiga mito kwa viganja mpaka ikaumuka, kisha hataki mtu aikalie. Nimemtania miaka yote kwamba anauzia watu hewa.

Aliwahi kuugua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Alipasuliwa, akapona, lakini tangu hapo mwili wake hautengenezi tena homoni ya kiume. Hudungwa sindano ya homoni hiyo kila baada ya wiki tatu kwenye zahanati ya jirani na karakana, na mara mojamoja huenda kliniki ya hospitali kuchukuliwa damu, daktari aone kama dozi inamtosha. Sindano ile ilinirudishia mume. Alirudi kwenye cherehani yake, akaanza tena kunichokoza jikoni.

Kisha majibu ya damu yakaja juu. Daktari, mama mmoja mtaratibu wa miwani, alisema homoni imezidi, na ikiachwa hivyo damu inaweza kuwa nzito na kuganda. Akapunguza dozi. Mume wangu akaanza kunywea. Kipimo kilichofuata kikawa juu vilevile, dozi ikapunguzwa tena. Mimi nikabaki na maswali yangu. Mtu aliyezidiwa homoni, mbona analala mchana kutwa na karakana iko wazi? Mbona analia kwa kutafuta mkasi alioushika mwenyewe?

"Kwa karatasi hizi, kinachomsumbua si upungufu," daktari alituambia. "Majibu yajayo yakiwa juu tena, nitasimamisha sindano kabisa, nimpeleke kwa wataalamu wengine."

Nilitoka pale nimefura. Nilimchukia daktari, nikazichukia na karatasi zake. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Mume wangu alishaanza kutafuta mtu wa kuinunua cherehani. Sindano ikisimama, ningebaki na koti lake tu linaloning'inia mlangoni.

Siku moja kabla ya kliniki nilimpelekea chakula karakana, sikumkuta. Nilimkuta zahanati, amekaa kwenye benchi anangoja kuitwa. Nikaketi kando yake.

"Sindano si wiki ijayo?"

"Naiwahisha kidogo."

"Kwa nini?"

"Kesho si kliniki?"

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amenyoa ndevu. Nikaweka bakuli chini.

"Ina maana kila kliniki huwa unaiwahisha?"

"Sasa mama, niende kwa daktari nimelegea hivi? Nikalie mbele ya yule mama wa watu? Nikidungwa leo, kesho naingia pale kama mtu."

Miaka yote hii nimeishi naye, najua sindano yake inavyokwenda. Siku za mwanzo anapiga mluzi bafuni, wiki ya tatu hata kijiko kinamshinda. Na daktari alikuwa anamwona siku ya mluzi tu. Alikuwa amejipiga kama mito yake, mteja akija akute imeumuka.

"Inuka twende nyumbani," nilisema. "Leo hudungwi."

"Unataka nikaumbuke?"

"Nataka uonekane."

Alinuna njia nzima, na chakula hakukigusa.

Kesho yake daktari alimuuliza anajisikiaje. "Vizuri tu," akasema, kama kawaida yake. Halafu kidevu kikaanza kumtetemeka, akalia mbele ya yule mama wa watu, mabega na yote. Nilikuwa nimeshatoa kitambaa mkobani. Nilikibana kiganjani, nikajikaza nisimfute. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile.

Alipotulia akasema mwenyewe, kwamba kila kliniki alidungwa siku moja kabla.

Daktari alivua miwani. Akazipanga karatasi za zamani mezani, akazipitia moja moja.

"Baba, mimi nilikuwa naipima sindano," alisema polepole. "Wewe sijakupima hata mara moja. Na nilikuuliza kama unadungwa ipasavyo, sikukuuliza ni lini. Hilo ni kosa langu."

Damu ilichukuliwa asubuhi ileile. Majibu yalipotoka, homoni ilikuwa chini kabisa. Daktari akarudisha dozi ya mwanzo, akaagiza kwamba damu ichukuliwe siku ya sindano, kabla hajadungwa. Nililia kwa furaha juu ya majibu mabaya, na karani wa mapokezi akanipa pole.

Cherehani haikuuzwa. Zamu nyingine ya kliniki ilipofika, tulikaa kwenye viti vya korido yeye akiwa mwisho wa sindano yake, macho yamemlegea, shati limemkaa upande. Wenzetu wote walikuwa wamejipamba. Mazoea yana taabu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumnyooshea kola.

Akaushika, akaurudisha taratibu mapajani mwangu.

"Niache hivihivi, mama," alisema. "Anione."