Sura ya Pembe

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe saba Desemba 2019, nyumbani kwa Macharia huko Kinoo, siku ya kumwoza Wanjira kimila. Nchi nzima ilimjua binti huyo kwa kusoma habari kwenye runinga. Wachache tu walijua kwamba alikuwa mlevi, na kwamba hakuwa amegusa tone mwaka mzima. Wazee wa ukoo walijua. Mamake aliwaendea mapema akawaomba pembe ya kunywea ijazwe uji badala ya pombe, wakamwambia uji ni wa watoto. Basi bibi harusi akaonja muratina, pombe ya kienyeji, mbele ya watu, akampa babake pembe kuonyesha amekubali, na Macharia akanywa.

Kufikia Krismasi Wanjira alikuwa akiamkia chupa. Kazi ikaenda, bwana akaenda, na mamake, aliyezunguka mabaa yote ya Dagoretti akimtafuta, akafa kwa presha kabla hajamwona amepona.

Sasa amepona, na ameandika kitabu. Siku ya kukizindua mjini ilipokaribia, Mzee Mwaura, msemaji wa ukoo, alimpigia Macharia simu: sura ya pembe ikisomwa, hakuna mzee atakayekanyaga harusi ya Jackie, mdogo wake Wanjira. Macharia alimfikishia Wanjira maneno hayo yalivyo. Jackie akasema asome, hata kama ataolewa bila wazee.

Wazee walikuja uzinduzini vilevile, wakakalia viti vya mbele. Ndivyo walivyo wakubwa. Picha ikipigwa wako mbele; lawama ikija, huwaoni.

Wanjira akafungua kitabu. "Walijua mimi ni mgonjwa," akasoma, "wakanishikisha pembe na kunipigia makofi."

Alisoma yote, hata jinsi mamake alivyorudi jikoni na uji wake. Macharia, aliyeachia shule darasa la tatu, alisikia shati likimbana kifuani. Akamgeukia mgeni asiyemjua. "Huyo ni wangu," akamwambia.

Mwaura akainuka na bakora yake. Alisema msichana ameaibisha ukoo, na kwamba siku ile hakuna mtu aliyekosa, mila tu ndiyo iliyofuatwa.

"Keti, Mwaura," Macharia alisema. "Mila haikumimina ile pombe. Mtu alimimina, na mtu alimwambia amimine. Sasa niambie mbele ya mtoto wangu: kati yenu wakubwa, ni nani aliyeamua?"